Pombe ya Alhamisi

Mimi nina mdomo, na nalisema mapema ili asije mtu akajifanya amegundua. Mume wangu Tlali anajua, mama mkwe wangu anajua, hata mbuzi wa jirani wanajua. Ndiyo maana watu wa nyumba yangu walipoamua kunitenda, jambo la kwanza walilohakikisha ni kwamba mimi sipati habari.

Ilikuwa Mei. Mipichi ya uani ilikuwa imeshapukutisha majani yote, na asubuhi maji ya kwenye karai yanakutwa yameganda juu. Mahindi tulishavuna. Uliobaki ni mtama, shamba langu la bondeni karibu na mto Senqu, mtama mwekundu uliojaa mpaka masuke yakainama. Mwaka uliotangulia mvua ya mawe ilitupiga, tukala unga wa dukani miezi yote ya baridi mpaka nikachukia sura ya mwenye duka. Safari hii nilisema hapana. Lile kapu letu kubwa la nyasi, la kuwekea nafaka, lazima lijae. Tule mpaka theluji iyeyuke, na Juni wakija wageni wa binti yangu Limpho, watu wa yule kijana wa ng'ambo ya mto anayetaka kumwoa, wasinikute nimetoka na bakuli kuomba kwa jirani.

Sasa kwetu mtama una mwisho wake. Chifu akishatangaza siku ya kufungua mashamba, ng'ombe wanashuka kutoka malishoni kule juu milimani wanaingia kula mabua. Shamba la nani, halijalishi. Siku hiyo ikikukuta hujavuna, umeula wa chuya, maana ng'ombe hachagui, anakula bua na suke lake. Na mwaka huo theluji iliwahi milimani. Wachungaji wakaleta habari kwamba wanyama wanatetemeka, na Jumapili baada ya kanisa chifu akasimama akasema: Jumatatu ijayo mashamba yanafunguliwa.

Wiki moja! Nikahesabu pale pale nimesimama na blanketi langu begani. Jumamosi kuna maziko ya mzee Ranthimo. Maana yake Ijumaa wanaume wote wako kaburini wanachimba na wanawake wote wako jikoni kwa wafiwa. Jumapili ni kanisa. Na pombe ya kuwaita watu haipikwi ikawa tayari kabla ya Alhamisi. Kwa hiyo ni Alhamisi hiyo moja, na mwenye pombe Alhamisi ndiye atakayepata watu. Peke yako huwezi kuvuna shamba kama lile. Unaita ujima, watu wanakuja na miundu yao, wanakata wakiimba, wewe unawalisha na kuwanywesha, jioni shamba limekwisha.

Mimi kimea nilikuwa nacho. Nilishalowesha mtama wa mbegu ya zamani, nikauotesha, nikauanika, nikausaga, kwa sababu simwamini mtu yeyote na tarehe. Mathuso, mke wa shemeji yangu Molefi, kimea chake kilikuwa kimeingia ukungu. Molefi ndiye kaka mkubwa wa mume wangu, na shamba lao liko nyuma ya kile kilima kidogo, hatua chache tu kutoka langu. Nilikutana na Mathuso kisimani ile Jumapili jioni.

"Dada Mathuso, mtama wenu mtaufanyaje?"

"Mungu ni mkubwa, Malimpho."

"Mungu ni mkubwa lakini hapiki pombe."

Akacheka, nami nikacheka. Halafu nikamwonea huruma, nikamwambia watu wakimaliza kwangu mapema nitawaomba wavuke kilima wakamsaidie, hata kama jua limeinama. Nilisema kwa moyo safi kabisa. Akanishika mkono akasema, "Wewe ni mtu, Malimpho." Mpaka leo nikikumbuka mkono ule natamani kunawa.

Jumatatu nikaanza kupika. Nyumba nzima ilinigeukia malaika. Mama mkwe wangu, ambaye kwa kawaida akionja pombe yangu lazima akohoe kwanza, alionja Jumatano jioni akafumba macho akasema, "Hii itavuna shamba mpaka na la jirani." Mume wangu akachota maji. Mwanaume mzima, ndoo kichwani, mbele za watu! Nikamwuliza, "Baba Limpho, unaumwa?" Akasema, "Siwezi kumsaidia mke wangu?" Limpho alikuwa ameshika chujio upande mmoja, mimi upande wa pili, tukawa tunakamua machicha na kucheka. Alinisimulia jinsi yule mchumba wake alivyoanguka farasini mbele ya baba yake. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilijisemea, Malimpho, una nyumba. Wenzako wana kuta tu, wewe una nyumba.

Alhamisi asubuhi jalidi imefunika nyasi zote, nyeupe pee, Tlali akapakia madumu ya pombe juu ya punda.

"Wewe malizia chakula," akaniambia. "Mimi natangulia na pombe, watu wasije wakakuta pakavu wakaondoka."

"Umefikiria vizuri, mume wangu."

Mume wangu! Nilimwita mume wangu, na nikamfunga blanketi vizuri shingoni kwa ile pini yake, baridi isimwingie. Mama mkwe akasema yeye atabaki, mguu unamsumbua. Limpho akasema atafua kwanza halafu atanifuata. Mimi nikaepua sufuria la maharage na mahindi, nikaepua kuku, nikajitwika, nikashuka bondeni naimba peke yangu barabarani.

Shamba langu lilikuwa limesimama kama nilivyoliacha. Ndege wanajilia, wanaruka suke hili wanatua lile. Hakuna mtu, hakuna punda, hakuna dumu. Nikajua nimewahi. Nikaweka chakula chini, nikapangusa jasho, nikakaa. Halafu upepo ukageuka nikasikia watu wanaimba. Wimbo wa kuvunia, sauti za wanaume chini na za wanawake juu, unatoka nyuma ya kilima.

Hata hapo sikuelewa, nawaambia ukweli. Nilidhani Tlali amekosea njia. Mtu aliyezaliwa hapo hapo, eti nilidhani amekosea njia!

Nilipofika juu ya kilima niliwaona wote. Kijiji kizima kimejipanga mstari kwenye shamba la Molefi, miundu inakwenda, masuke yanarushwa kwenye marundo. Na kando ya shamba, chini ya blanketi langu la zamani, madumu yangu. Mathuso ameshika kata anawagawia watu. Mume wangu naye yuko kwenye mstari, ameinama, anakata mtama wa kaka yake kwa bidii ambayo mimi sijaiona tangu anioe.

Bibi Matefo, mwanamke mzee wa kwaya, ndiye aliyeniona kwanza. "Huyo hapo mwenyewe!" akapiga kigelegele. "Malimpho, pombe yako haina mfano! Na moyo kama wako haupo tena duniani. Sisi tungekuwa na siku moja tu, tungempa nani?"

"Nani amempa nani?" nikauliza.

"Mathuso ametuambia," akasema. "Umejitolea siku yako kwa nyumba kubwa, ya kaka wa mumeo. Ndugu wangekuwa wote hivi!"

Wimbo ukasimama. Watu wakanigeukia wakitabasamu, wengine wakipiga makofi. Mathuso alikuwa anaangalia ndani ya kata kana kwamba amepoteza kitu humo. Mume wangu hakuinua kichwa. Hapo ndipo nilipoelewa.

"Sijajitolea," nikasema, na nilisema kwa sauti. "Hakuna aliyeniuliza. Nimeibiwa."

Molefi akaweka mundu begani, akamtazama mdogo wake. Na Tlali, mume wangu wa ndoa, baba wa mtoto wangu, akanyoosha mgongo, akacheka. "Mnamjua Malimpho kwa utani," akasema. "Leo asubuhi kanifunga blanketi kwa mkono wake mwenyewe nije huku."

Watu wakaangua kicheko. Walicheka kwa mapenzi, na hilo ndilo lililoniua. Mtu mmoja akasema, "Malimpho bwana, utatuua mbavu!" Wimbo ukaanza tena. Mimi nimesimama pale na ukweli wangu mkononi na hakuna anayeutaka. Niseme nini zaidi? Nimwage pombe mbele ya watu wasiojua lolote? Nilimtazama tu Tlali mpaka akainama tena kwenye mtama. Nikageuka, nikarudi shambani kwangu, nikatoa mundu wangu.

Nilianza mstari wa kwanza nikilia kwa hasira. Siwezi kusema kwa huzuni, nitakuwa naongopa. Nilikata kila suke kama lina shingo.

Jua lilipopanda Limpho akaja. Alishuka mbio, hana hata leso kichwani, akaniangalia, akaangalia kilima, hakuuliza kitu. Akachukua mundu wa pili akaingia mstari wa pembeni yangu. Tukakata mpaka giza. Viganja vyake vilitoka malengelenge, nikamwambia apumzike, akakataa. Nikasema moyoni, asante Mungu, umeniachia mmoja.

Jioni nyumbani walinisubiri wote wawili, mtu na mama yake, wamekaa upande mmoja wa moto.

"Malimpho," mume wangu akaanza, "kaka alikuja kuniomba. Jumatatu. Ningemwambiaje hapana? Ni mkubwa wangu. Toka enzi za baba, nyumba kubwa inatangulia."

"Siulizi kwa nini ulimkubalia. Nauliza kwa nini hukuniambia."

"Tungekuambia, ungekubali?" akadakia mama mkwe.

"Nisingekubali!"

"Basi," akasema mama mkwe, akanyoosha mikono kwenye moto kama mtu aliyemaliza kesi.

"Mama, mlinitazama napika. Wiki nzima. Ulionja ukanisifia!"

"Pombe ilikuwa nzuri," akasema. "Ulitaka nidanganye?"

Jamani. Nilishindwa hata kukasirika kwa mpangilio. Tlali akasogea, akasema Molefi ameahidi watu watavuka kilima kesho waje kwangu, na wasipokuja, yeye mwenyewe atatupatia magunia mawili ya mtama wake.

"Yaani nipewe mtama kama ombaomba, na huku wa kwangu unaliwa na ng'ombe? Na hao watu watakuja kunywa nini kesho? Mate?"

"Utaona watakuja."

"Kesho wanachimba kaburi, Baba Limpho. Na wewe unajua wanachimba kaburi. Ulijua tangu Jumapili."

Mama mkwe akasema nipunguze sauti, majirani watasikia. Nikamwambia majirani wameshasikia, wakacheka.

Wapo wanawake ambao wangefunga mizigo usiku huo wakarudi kwa wazazi wao, wakakaa huko mpaka mume aje na ng'ombe wa kuomba radhi. Na ni haki kabisa, hata chifu hawezi kukulaumu. Nililifikiria. Lakini nikiondoka, mtama nani atakata? Nitakwenda kukaa kwa kaka yangu ninuniwe kwa chakula chake, nao watakula magunia mawili ya Molefi wakisema Malimpho ana hasira, atarudi. Nikasema sitoki. Nitavuna kwanza, mambo mengine baadaye.

Ijumaa hakuja mtu, kama nilivyosema. Tulikuwa mimi na Limpho. Tlali alikuwa kaburini na wenzake. Jumamosi jeneza la mzee Ranthimo lilipita barabara ya juu, watu wote wamejifunga mablanketi meusi, na mimi niko bondeni nakata mtama, jambo ambalo sijawahi kulifanya na sitamani mtu alifanye. Nilivua kilemba, nikasimama mpaka wapite, nikainama tena. Najua walivyosema. Alhamisi nilikuwa mtakatifu mtoa pombe, sasa nimekuwa mchawi asiyezika. Jumapili kengele ya kanisa ikalia. Nilimwambia Limpho aende, yeye anaimba kwaya, mchumba wake anaweza kuwapo.

"Siendi," akasema. "Nitamaliza na wewe."

"Nenda bwana, Mungu asituhesabu wote wawili."

"Mama, nimesema siendi." Machozi yakamlengalenga. Niliona mapenzi hayo, nikageuka nisimwaibishe. Mchana tulikula mahindi ya kuchoma tukiwa tumeegemeana migongo, kwa sababu ya upepo. Nikamwambia mambo ambayo sikuwa nimemwambia mtu. Nikamwambia hivi: baba yako nitaishi naye, nitampikia, lakini nikimtazama sitamwona tena yule wa zamani. Bibi yako hivyo hivyo. Lakini wewe, nikasema, wewe ndiye nimebaki naye. Siku utakapoolewa nitalia mpaka mto ujae. Akainamisha kichwa magotini, mabega yakamtikisika. Nikampapasa mgongo.

Jumatatu asubuhi tulikuwa ndiyo kwanza tumefika nusu ya shamba. Ukungu ulikuwa bado umelala mtoni tulipoanza kusikia kengele za ng'ombe zinateremka mlimani, na wachungaji wanapiga miluzi. Siku nyingine zote hiyo ni sauti ya furaha. Wanaume wanatoka nje kuhesabu ng'ombe wao, watoto wanakimbia. Nikamwambia Limpho, "Kata, kata tu, usitazame." Tukakata kama wendawazimu, hatufungi wala hatupangi, tunarusha tu.

Walipoingia waliingia kwa upande wa mtoni. Na wa mbele kabisa walikuwa wa kwetu. Yule mwenye pembe moja, yule mwekundu aliyezaa mwaka jana, wote wa Tlali. Walijua shamba lao, wakaja moja kwa moja. Nikasikia mabua yanavunjika.

Tlali alikuja mbio na fimbo. Alisimama kati ya ng'ombe na sisi, anapiga makelele, anawazuia huku wanapita kule. "Kateni!" anapaza sauti. "Nitawashikilia, kateni!" Jasho linamtoka katika baridi ile. Huenda alidhani hicho ndicho nilichokuwa nakihitaji kwake. Niliona masuke mekundu yanatafunwa, yanakanyagwa, yanaingia matopeni, chakula cha baridi nzima, chakula cha wageni wa Juni, na wala sikulia. Nilikuwa nimeshalia.

Aliyelia ni Limpho. Aliangusha mundu, akakaa chini katikati ya mabua, akalia kwa sauti kama mtoto mdogo. Nikamfuata, nikapiga magoti, nikamkumbatia. "Basi mwanangu. Basi. Tumepata nusu. Tutakula nusu. Si kosa lako."

"Ni kosa langu," akasema.

"Nyamaza."

"Mama, nilijua."

Niliendelea kumbembeleza, mkono wangu unakwenda na kurudi mgongoni kwake. Mkono haukuwa umesikia bado.

"Nilijua tangu ile Jumatatu," akasema. "Baba mkubwa alipokuja, nilikuwa nimewapelekea chai. Bibi akaniambia nikikuambia utagombana na baba mkubwa, na baba mkubwa ndiye atakayekaa na wazee wa mchumba wangu Juni kunisemea. Akinuna, hatakaa. Nani angenisemea, mama? Wangerudi kwao. Nilijua ungepata uchungu lakini nilisema utapita, halafu nikaona nikikusaidia sana kukata, kwa nguvu zangu zote, tutamaliza, na hutajua."

Nilimwondoa mikononi mwangu taratibu, nikamtazama. Macho yamevimba, viganja vimechubuka, ni mwanangu kabisa. Nikaiona Jumatano jioni, chujio, yeye upande mmoja na mimi upande mwingine, ananisimulia habari za farasi, na mimi nacheka mpaka nakaa chini. Alikuwa anajua. Kila neno alilosema jioni ile alikuwa anajua.

"Mama, sema kitu. Nitukane."

Sikuwa na tusi. Mimi, Malimpho mwenye mdomo, nilitafuta neno sikulipata.

"Nenda nyumbani," nikamwambia. "Kamsaidie bibi yako."

"Mama—"

"Nenda, Limpho."

Aliondoka akipita kando ya baba yake, nao hawakutazamana. Mimi nikaokota mundu wangu, nikaingia kwenye mstari. Tlali alikuwa bado anapiga kelele kule mbele, ng'ombe wanamzunguka. Nilikata suke, nikatupa. Nikakata lingine. Nilikuwa nakata peke yangu, na nyuma yangu nawasikia wanatafuna.